Bomba la kulia liligeuka bluu mara mbili: kisa cha ekzosi ya stenlesi mjini Tanga

Mwishoni mwa msimu wa kaskazi, mzee mmoja mkazi wa Raskazone, Tanga, alifika karakanani kwangu na pikipiki ya Kijapani ya cc 650, yenye silinda mbili zilizopangwa sambamba na kabureta mbili, akaniomba kazi moja tu: kuyarudishia mng'ao mabomba mawili ya ekzosi yanayotoka mbele ya injini. Alikuwa ameshaambiwa na fundi mwingine kwamba mabomba hayo yamekwisha na kwamba hakuna njia ila kuagiza mengine kutoka nje. "Mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, huku akiinama kunionyesha madoa ya kahawia, "nilipoinunua niliambiwa hii ni stenlesi, haishiki kutu maisha. Sasa hiki ni nini?"

Swali lile lilistahili jibu kamili, nami sikulitoa siku ile. Nililitoa wiki mbili baadaye, baada ya kazi yangu ya kwanza kuharibika. Kusugua na kung'arisha nilikufanya vizuri; kilichonishinda ni kuzisoma rangi zilizokuwa mbele ya macho yangu, na kwa sababu hiyo nilizifuta kabla sijazielewa.

Nianze na hali ya mabomba yenyewe. Bomba la kushoto lilikuwa na rangi ya dhahabu iliyofifia karibu na injini, kisha likaendelea na weupe wake uliochujuka hadi linapoungana na mwenzake chini ya injini. Bomba la kulia lilianza na zambarau mdomoni, likawa bluu iliyoiva mpaka kwenye kona, na baada ya kona likawa na kijivu kama cha jivu la mkaa. Mabomba yote mawili yalikuwa na vidoadoa vya kutu, vingi zaidi upande wa mbele unaopigwa na maji na mchanga wa gurudumu. Juu ya bomba la kulia kulikuwa pia na gamba jeusi, gumu, ambalo mzee alilitambua mara moja: koti la mvua lililogusa bomba la moto na kuyeyukia hapo.

Kabla ya kugusa msasa, fundi ana wajibu wa kujua anashughulika na chuma gani. Ekzosi nyingi za pikipiki zinazofanya kazi ya bodaboda ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na kromu hiyo, iliyokaa juu ya tabaka la nikeli, haifiki hata unene wa maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Anayeipiga msasa anaiondoa, na baada ya hapo hakuna pulishi itakayoirudisha. Niliweka sumaku kwenye mabomba ya mzee, haikushika, nikaangalia kwenye kingo na ndani ya mdomo wa bomba, sikuona gamba lolote linalobanduka. Hiyo ilinitosha kusema ni stenlesi ya jamii ya 304, yenye kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8. Niongeze hapa, kwa kuwa mafundi wengi hukosea, kwamba sumaku ikishika haimaanishi kwamba bomba si stenlesi. Zipo stenlesi za jamii ya 409, zenye kromiamu karibu asilimia 11, ambazo hutumika sana kwenye ekzosi na ambazo sumaku huzishika vizuri kabisa.

Sasa nije kwenye swali la mzee. Stenlesi haizuii kutu kwa sababu ni ngumu au kwa sababu inang'aa. Inazuia kwa sababu kromiamu iliyomo ndani yake, ikikutana na hewa, hujenga juu ya chuma utando mwembamba wa oksidi, wa nanomita chache tu, usioonekana kwa jicho, ambao ukikwaruzwa hujiponya wenyewe alimradi hewa inaufikia na uso ni safi. Chuma kinahitaji walau asilimia 10.5 ya kromiamu ili utando huo ukamilike. Kinachouvunja utando huo kuliko vyote ni kloridi, iliyomo katika chumvi, nasi watu wa pwani tunaishi ndani ya kloridi: iko katika upepo unaotoka baharini, katika mchanga wa barabara, na katika jasho la vidole vyetu.

Lakini chumvi ya bahari peke yake haikueleza vidoadoa vile vyote. Nilipomhoji mzee, alisema kwamba kijana mmoja wa jirani aliwahi kumsaidia kuyasafisha kwa dawa ya kung'oa saruji kwenye vigae, kisha akayasugua kwa stilwaya la masufuria. Kila moja ya vitu hivyo viwili lina madhara yake, na vikifuatana madhara yanazidi. Dawa ya vigae ya aina ile ina asidi ya hidrokloriki, yaani asidi ambayo ndani yake kloridi ndiyo yenyewe, na inachimba stenlesi mashimo madogo kama ncha ya sindano. Stilwaya la chuma cha kawaida, kwa upande wake, huacha chembe zake zimejipachika juu ya uso wa stenlesi, na chembe hizo hushika kutu siku ya kwanza zinapopata maji. Sehemu kubwa ya kutu aliyoiona mzee haikuwa ya bomba. Ilikuwa ya stilwaya. Dawa za klorini za kufulia nguo zinaingia katika kundi hilohilo la vitu visivyopaswa kukaribia ekzosi, na brashi ya waya wa kawaida pia.

Basi nilikuwa na matatizo matatu juu ya chuma kimoja: uchafu uliokaangika, kutu na mashimo, na rangi za joto. Mawili ya kwanza niliyaelewa. La tatu nililichukulia kuwa ni la macho tu, jambo la urembo, nikasema moyoni kwamba bluu ya kulia ni ya miaka mingi na pengine imeachwa na mwenye pikipiki wa kwanza.

Niliziloweka nati nne za mdomo wa ekzosi kwa mafuta ya kupenyeza usiku kucha, kwa sababu stadi zake, yaani vijiti vyenye nyuzi vinavyoshika nati, zimeingia kwenye kichwa cha injini cha aluminiamu, na stadi ikikatikia humo gharama yake inapita kazi yote ya kung'arisha. Mabomba yalipotoka niliyaosha kwa maji moto na sabuni ya maji mpaka mafuta yote yakaisha. Gamba la koti la mvua nililipasha kwa mashine ya hewa ya moto, likalainika, nikalikwangua kwa kipande cha mwanzi, kwa kuwa bisibisi ingeacha mikwaruzo ambayo ningeilipa baadaye kwa masaa ya msasa.

Kazi ya msasa haina siri ila uvumilivu. Nilitumia namba 240 pale tu palipokuwa na mashimo, kisha 400, 600, 800 na 1000, kila namba laini kuliko iliyotangulia, kwa maji, na kila nilipobadili namba nilibadili pia mwelekeo wa kusugua ili niione mikwaruzo ya namba iliyotangulia ikiisha yote kabla ya kuendelea. Anayeruka namba huona matokeo yake mwishoni, wakati bomba linang'aa na chini ya mng'ao kuna mistari isiyofutika, na hapo hana budi kurudi nyuma hatua tatu. Kwenye kona nilikata msasa wa kitambaa vipande virefu, nikavizungusha kwenye bomba na kuvivuta huku na huku kama mng'arisha viatu. Misasa yote ilikuwa mipya. Msasa uliowahi kugusa chuma cha kawaida hupeleka chembe zilezile tulizokuwa tunazikimbia.

Baada ya msasa niliingia kwenye magurudumu ya kung'arishia. La kwanza ni la nyuzi za mkonge, nalo ndilo linalokata. Tanga inaujua mkonge tangu mwaka 1893, Richard Hindorf alipoleta miche ya kwanza katika pwani hii, na kwa muda mrefu tumeuona kama kamba na magunia. Mimi mwenyewe nilishangaa nilipojua kwamba duniani kote watu wanaong'arisha stenlesi huanza na mkonge, kwa kuwa uzi wake ni mgumu kiasi cha kubeba nta ya kukatia na kuing'ang'aniza juu ya chuma bila kuchanika upesi. La pili ni la pamba iliyoshonwa, na la tatu ni la pamba iliyoachwa huru, lenye nta ya kijani ambayo kiungo chake kikuu ni oksidi ya kromiamu. Nta nyekundu ya masonara nimeona ikitumika kwenye ekzosi. Ni laini mno kwa stenlesi na inapoteza muda. Kila nta inapaswa kuwa na gurudumu lake, kwa sababu punje moja ya nta ya kukatia ikiingia kwenye gurudumu la kumalizia huchora bomba lote.

Gurudumu la milimita 200 kwenye mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 30 kwa sekunde, na bomba lenye kona likinaswa hurushwa kwa nguvu ambayo mkono hauwezi kuizuia. Bomba hushikwa chini ya usawa wa kitovu cha gurudumu, ukingo wake ukielekea upande ambao gurudumu linakimbilia. Nguo inayoning'inia haifai, vitambaa vya kufunga mkononi havifai, na barakoa ya vumbi na miwani si vya hiari, kwa kuwa vumbi lile lina kromiamu na nikeli. Jambo jingine ni joto. Stenlesi ya jamii ya 304 hupitisha joto takriban theluthi moja ya chuma cha kawaida, kwa hiyo joto la msuguano hukaa palepale penye gurudumu, na fundi anayekandamiza mahali pamoja anaweza kulichoma bomba na kulirudishia rangi ileile anayoiondoa.

Siku ya tatu mabomba yalikuwa kama kioo. Mzee alilipa, akashukuru, akaondoka.

Alirudi siku ya tisa. Hakuwa na hasira, na kwangu hilo lilikuwa zito zaidi. Alisimamisha pikipiki kivulini na kuniacha niangalie mwenyewe: bomba la kushoto lilikuwa na rangi ya majani makavu vidole vinne kutoka mdomoni, jambo la kawaida kabisa, la kulia lilikuwa bluu mpaka kwenye kona.

Hapo ndipo nilipolazimika kufikiri. Rangi hizi si madoa yaliyokaa juu ya chuma. Utando wa oksidi ukipata joto hunenepa, na mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, rangi fulani zikafutana na nyingine zikabaki, kama vile mafuta ya dizeli yaliyomwagika juu ya dimbwi yanavyoonyesha rangi ambazo dizeli yenyewe haina. Unene ndio unaoamua rangi. Kwa stenlesi ya 304 iliyopashwa hewani, manjano hafifu huonekana karibu na nyuzi 290 za Sentigredi, kahawia karibu na 390, zambarau iliyokolea karibu na 450, bluu karibu na 540, na bluu nzito karibu na 600. Namba hizi hazifanyi bomba kuwa kipimajoto, kwa sababu joto dogo likikaa muda mrefu nalo hunenepesha utando. Lakini mabomba haya mawili yalitoka kwenye injini moja, yalisafishwa siku moja, yalikwenda safari zilezile kwa muda uleule. Tofauti iliyobaki kati yao haikuweza kuwa ya umri wala ya mwenye pikipiki wa kwanza. Silinda ya kulia ilikuwa inatoa moshi wa moto zaidi kuliko ya kushoto, na ilikuwa inafanya hivyo hata siku mzee alipofika mara ya kwanza. Bluu ile ya zamani ilikuwa imeniambia, nami niliifuta kwa msasa namba 400.

Nilifungua plagi, zinazotoa cheche ndani ya silinda. Ya kushoto kauri yake ilikuwa na hudhurungi ya afya. Ya kulia ilikuwa nyeupe kama chokaa. Nilimuuliza mzee kama anasikia milio ya kupasuka-pasuka anapoachia mafuta akiteremka, akasema ndiyo, tangu alipoinunua, na akidhani ndivyo pikipiki kubwa zilivyo. Dalili zote tatu zilisema neno moja: silinda ya kulia inapata hewa nyingi kuliko petroli yake. Mchanganyiko wa namna hiyo huungua polepole, moto wake unakuwa haujamalizika valvu ya kutolea moshi inapofunguka, na joto ambalo lingesukuma pistoni linaishia kwenye bomba.

Hewa hiyo ilikuwa inaingilia wapi? Nilianza na gasketi za mdomo wa ekzosi, yaani pete za kuziba mahali bomba linapokutana na injini, kwa kuwa nilikuwa nimerudishia zile za zamani, na hilo nalo ni kosa langu la pili, maana gasketi ya aina ile hukandamizwa mara moja tu. Niliweka mpya pande zote mbili. Kisha nikachunguza mipira inayounganisha kabureta na injini, ambayo ilikuwa mizima. Chini ya mpira wa kulia kuna kichomozi kidogo cha kupimia mvuto wa hewa wakati wa kusawazisha kabureta, ambacho kwa kawaida huzibwa na kifuniko cha mpira kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Kifuniko hicho kilikuwa kimepasuka kwa ndani, upande usioonekana mpaka ukitoe. Injini ikiwa katika mwendo wa chini, mvuto hapo ni mkubwa, na ufa ule ulikuwa unanyonya hewa muda wote. Na mzee, kwa umri wake na kwa mapenzi yake, huendesha taratibu mjini, yaani katika hali ileile ambayo ufa huo una athari kubwa kuliko zote. Tulibadilisha vifuniko vyote viwili, tukasawazisha kabureta, na milio ikakoma jioni hiyohiyo.

Nilimweleza mzee yote haya bila kuficha, na kazi ya pili sikumtoza. Safari hii nilishughulikia eneo lenye bluu pekee, lakini niliiondoa kwa msasa mpaka chuma cheupe, sikuipitia kwa nta tu. Sababu ni ya kikemia na inapuuzwa mno: utando mnene wa rangi ya joto hujengwa kwa kromiamu inayovutwa kutoka kwenye chuma kilicho chini yake, na tabaka hilo la chini hubaki maskini wa kromiamu, dhaifu mbele ya chumvi. Ndiyo maana sehemu zilizogeuka bluu mara nyingi hutangulia kushika kutu. Kuzing'arisha kwa juu bila kuondoa tabaka hilo ni kuuacha ugonjwa mahali pake.

Kisha nilifanya jambo ambalo mara ya kwanza sikulifanya kabisa. Nilichanganya gramu 100 za ndimu ya unga, ambayo ni asidi ya sitriki, katika mililita 900 za maji, nikalowesha vipande vya khanga kuukuu ya pamba, nikayafunga mabomba yote mawili kwa dakika 30, nikiyamwagia kila yalipotaka kukauka. Asidi hiyo huyeyusha chembe za chuma cha kawaida zilizojipachika na kuacha kromiamu ijenge utando wake upya. Baada ya kuyasuuza kwa maji safi niliyaacha usiku kucha, nikiyanyunyizia na kuyaacha yakauke kwa zamu, kwa sababu chembe ya chuma iliyobaki ingejitangaza asubuhi kwa kidoa cha kahawia. Asubuhi nilikuta kidoa kimoja, nyuma ya kona ya kulia, nikakirudia peke yake.

Kabla ya kuwasha injini niliyafuta mabomba kwa spiriti na kitambaa safi, na sikuyagusa tena kwa mkono mtupu. Alama ya kidole iliyobaki juu ya bomba hukaangika safari ya kwanza na kuwa picha ya kudumu. Nyuzi za stadi nilizipaka grisi ya kuzuia kung'ang'ana, nikazikaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, ili mdomo wa bomba ukae sawa juu ya gasketi.

Wapo mafundi wanaofunika mabomba kama haya kwa rangi nyeusi ya kuvumilia joto, na mzee aliniuliza kama nasi tufanye hivyo. Nilikataa. Rangi juu ya stenlesi iliyopigwa pulishi haishiki vizuri, hubanduka kwa vipande, maji ya chumvi hukaa chini yake pasipo na hewa, na utando niliousimulia hunyimwa hewa unayoihitaji ili ujiponye. Zaidi ya hayo, ingeifunika dalili pekee inayoonekana kwa macho bila kufungua kitu.

Masika yalipokwisha niliyaona mabomba hayo tena. Yote mawili yalikuwa na rangi ya dhahabu, kwa urefu uleule, kuanzia mdomoni hadi kabla ya kona, na mzee alikuwa ameshaelewa kwamba dhahabu hiyo itabaki, kwa kuwa bomba la ukuta mmoja haliwezi kupitisha moshi wa injini na kubaki jeupe. Huyaosha kwa maji baridi ya mfereji kila Ijumaa, injini ikiwa imepoa, bila sabuni ya klorini. Mashimo mawili yaliyochimbwa na dawa ya vigae bado yapo upande wa chini wa bomba la kulia. Ukuta wa bomba una unene wa milimita 1.2 hivi, na kuyafuata mpaka mwisho wake kungelila bomba pale penye kona panapobeba mtikisiko wote, kwa hiyo niliyaacha, nikamwonyesha mzee yalipo, naye huyapitishia kidole anapoosha.